Mkono Mmoja Ulibaki Macho

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Garissa.

Upepo umetulia. Tangu asubuhi ulikuwa ukirusha mchanga kwenye vioo vya wodi. Sasa umetulia, na mimi nimekula. Nimemaliza wali wangu, kisha nikamaliza na wa Eeddo Khadija, dada yake baba, aliyedai hana njaa. Ni chakula changu cha kwanza tangu jana mchana.

Hooyo amelala.

Ni mama yangu, na hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu huku. Amelala usingizi wa kawaida, wa mtu aliyechoka, mdomo wazi kidogo, bandeji nyeupe shingoni na mpira mwembamba ukitokea pembeni. Kila baada ya dakika chache naangalia kifua chake. Kinapanda, kinashuka. Hakoromi. Kwa miaka mitatu rovu lilikuwa likikua shingoni mwake mpaka likaanza kubana njia ya hewa. Akawa analala ameketi, mgongo ukutani, na sisi tuliolala naye chumba kimoja tukazoea kukoroma kwake kama watu wa kando ya barabara wanavyozoea malori. Leo kuna kimya. Nimeketi nakisikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua.

Ningeweza kuishia hapo na kumshukuru Mungu. Lakini mwalimu wetu wa Kiswahili husema shajara isiyokiri kitu ni insha tu, na blogu hii niliianza ili niseme kweli, hata kama wasomaji wangu ni wanafunzi wenzangu tisa na binamu mmoja wa Wajir. Basi nakiri.

Jumatatu nilikata maneno ya mama yangu mbele ya daktari.

Hooyo anajua Kiswahili cha sokoni. Anajua bei, anajua "punguza", anajua kugombana na mtu wa bodaboda. Mambo ya ofisi na ya hospitali hupitia kwangu. Mimi ni kifungua mimba wake, na tangu darasa la nne nimekuwa nikisimama kati yake na watu wa kalamu. Nimemfasiria kwa chifu, benki, kliniki ya watoto. Sasa niko kidato cha tatu, na wanawake wa mtaa wetu huja kuniazima kama wanavyoazima sufuria kubwa ya harusi. Najivunia kazi hii. Labda hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Miaka sita iliyopita, tukiwa bado tunaishi Sangailu, Hooyo alipasuliwa kidole tumbo katika hospitali moja ya mbali. Alirudi nyumbani na kovu, na habari ambayo hakuna aliyeitaka. Alisema alikuwa macho. Si mwanzoni wala mwishoni, bali katikati ya kupasuliwa. Hakuweza kufungua jicho, hakuweza kutikisa hata kidole cha mguu, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi.

"Nilikuwa kama mnyama aliyefungwa miguu yote minne," alisema, "ila kamba sikuziona."

Watu walimpa pole. Wengine walisema ni ndoto za dawa. Jirani mmoja akasema jini. Akaletewa maji yaliyosomewa, akayanywa kwa heshima, akashukuru, na hakulitaja tena jambo hilo. Ila rovu lilipokua na madaktari wakasema litolewe, alikataa. Akaambiwa tena, akakataa tena. Alimwambia Aabbo, baba yangu, "Afadhali nikose pumzi huku najua niko wapi."

Mwaka huu pumzi ilianza kumkosa kweli. Nyumba yetu ina vipandio vitatu tu mlangoni, na alikuwa akisimama kwenye cha pili ili apumzike. Mwezi uliopita akasema sawa, atapasuliwa, kwa sharti moja: daktari wa usingizi asikie kwanza kilichompata.

Hilo ndilo nililotumwa kulisema Jumatatu. Jambo moja tu.

Daktari wa usingizi anaitwa Mwendwa. Ni mtu wa Mwingi, mrefu, anayeongea polepole kana kwamba anawabembeleza wagonjwa hata wale walio macho. Aliuliza maswali yaliyokuwa kwenye fomu yake. Hooyo alisema mara ile ya kwanza alitapika siku mbili. Nikafasiri. Mwendwa akasema basi hatatumia gesi. Atatumia dawa ya mshipani peke yake, inayosukumwa na pampu polepole mwanzo hadi mwisho, kwa sababu haichafui tumbo sana, na shingo iliyoshonwa haitaki mtu atapike.

"Ni dawa nyeupe," alisema. "Sisi tunaiita maziwa."

Nikafasiri. Hooyo akauliza, "Ya ng'ombe au ya ngamia?"

Mwendwa akacheka mpaka akavua miwani. "Mwambie ya kiwandani."

"Basi si maziwa," alisema Hooyo.

Tulikuwa tunaenda vizuri hivyo. Kisha akauliza kama mara ile kulikuwa na shida nyingine yoyote.

Hooyo akanyoosha mgongo. Aliongea bila kunitazama, macho kwa daktari, kama mtu anayetoa ushahidi. Alisema alisikia vyuma. Alisema alihisi kuvutwa. Kisha akafika mahali ambapo sikuwahi kumsikia akifika: kwamba juu yake kulikuwa na sauti za wanaume, kwamba alijua amefunuliwa, kwamba mmoja alisema kitu na wenzake wakacheka, na yeye hakuweza hata kuvuta shuka.

Uso wangu uliwaka moto. Kwetu binti hamtaji mama yake akiwa amefunuliwa, mbele ya mwanamume, tena mgeni. Hata kulifikiria ni vigumu. Nikatazama meza. Nikasema, "Anasema hakuna shida nyingine."

Mwendwa akainua macho. "Maneno yote hayo?"

"Kisomali ni kirefu," nikasema.

Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika.

Kati ya mlango wa kliniki na lango la hospitali nilijiambia mengi. Kwamba ilikuwa zamani. Kwamba kuona haya ni sehemu ya imani. Kwamba nimelinda heshima ya mama yangu, na siku moja, nikiwa na watoto wangu, nitaelewa kwamba nilifanya sawa.

Halafu tukafika nyumbani. Eeddo Khadija alikuwa jikoni anakanda unga, na Hooyo, kabla hata hajavua viatu, akamwambia: "Nimemwambia yote, Khadija. Na hakucheka. Yule mwanamume hakucheka hata kidogo. Aliandika."

Sijawahi kumwona Hooyo na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo baada ya miaka sita. Jioni ile aliimba akiosha vyombo, kwa ile sauti yake iliyobanwa, akikatisha kila mstari ili avute pumzi.

Alikuwa anakubali kulazwa kwenye ile meza kwa sababu ya maneno ambayo mimi nilikuwa nimeyameza.

Jumanne asubuhi nilirudi hospitalini peke yangu. Nilimkuta Mwendwa kwenye benchi nje ya thieta, chumba cha upasuaji, ana kikombe cha chai na mandazi. Nilikuwa nimepanga hotuba. Yote ilipotea, nikasema tu, "Daktari, jana sikufasiri kila kitu. Mama yangu aliamka wakati wa upasuaji. Alisema, mimi sikusema."

Nilingoja anigombeze. Alisogea akanipa nafasi kwenye benchi. "Keti. Aliamka, kwa maana gani?"

Nikamweleza vyuma. Nikamweleza kuvutwa. Yale mengine bado niliyaruka. Akauliza kama alisikia maneno yoyote, na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote.

Nilikuwa na miaka kumi Hooyo aliporudi kutoka ile hospitali. Nikifanya kazi za shule alikuwa akija kuketi karibu na kuniuliza neno moja moja la Kiswahili. "Sogeza" ni nini? "Taa" ni nini? "Shikilia hapo" ni nini? Nilidhani anataka kujifunza. Nilimjibu kwa majivuno, kama mwalimu mdogo. Baada ya maneno yale machache hakuuliza tena.

"Sogeza taa. Shikilia hapo," nilimwambia Mwendwa. "Ndiyo aliyoyauliza."

Aliweka mandazi chini. "Wakati ule alijua Kiswahili?"

"Hapana. Sangailu alikitumia na nani?"

"Basi haikuwa ndoto," alisema. "Mtu haoti lugha asiyoijua."

Alichukua karatasi, akachora watu wawili, mmoja mwenye suruali na mmoja mwenye gauni, akaandika kilo sabini chini ya kila mmoja. Nitajaribu kuandika alivyonieleza, maana nilimsikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu.

Alisema walifundishwa kuanza na kilo, na bado huanzia hapo. Lakini wape hawa wawili ile dawa nyeupe sawasawa, kisha uzime pampu kwa wakati mmoja. Mara nyingi mwanamke ndiye atakayefumbua macho kwanza. Dawa humtoka mapema, na mara nyingi ubongo wake huhitaji zaidi kidogo ili ubaki chini. Na katika watu wanaosema waliamka katikati ya upasuaji, wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Nikauliza kwa nini basi wasiwaongezee wanawake wote.

"Kwa sababu mwanamke si dozi," alisema. "Huo ni wastani. Yupo mwanamke ambaye kidogo tu kinamtosha. Ukimzidishia, presha inaanguka, na hapo kusikia si tatizo lake tena. Umri una neno. Mafuta ya mwili yana neno. Moyo una neno. Kuwa mwanamke ni jambo moja kati ya mengi, ila ni jambo ambalo wengi wetu hatukulihesabu kabisa. Vitabu nilivyosomea vilimchora mwanamume mmoja wa kilo sabini, na sisi tukampima kila mtu kama yeye."

"Na mtu ambaye ameshawahi kuamka?"

"Huyo namwogopa kuliko wote. Huyo nilipaswa kumjua jana."

Hakuinua sauti. Iliniuma zaidi kwa sababu hakuinua sauti.

Kisha akauliza swali nililokuwa nikilikimbia. "Je, mama anajua kwamba mimi sikusikia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kamlete. Siwezi kumlaza mtu anayefikiri nimemsikia."

Njiani nilimpigia Aabbo simu. Yuko Ijara na ng'ombe, na mambo mazito huwa mepesi kidogo yakipitia kwenye simu. Nilimweleza kila kitu, hata ile picha ya watu wawili wa kilo sabini.

"Mimi nikienda kumnunulia ng'ombe sindano," alisema, "mwenye duka ananiuliza kwanza: dume au jike? Ana mimba? Ananyonyesha? Ng'ombe anaulizwa! Mama yako alipanda kwenye mizani tu, kama gunia." Halafu akapunguza sauti. "Nenda kamwambie, binti. Na usimwambie ukiwa umesimama mlangoni."

Hooyo alikuwa chumbani anakunja nguo za kwenda nazo hospitalini. Niliketi chini, karibu na miguu yake, nikamwambia. Aliendelea kukunja kanga ile ile mpaka ikawa ndogo kama kitabu.

"Kumbe ndiyo maana hakucheka," alisema.

Eeddo Khadija, aliyekuwa akisikiliza mlangoni bila kuficha, alitoa sauti kati ya kicheko na kikohozi. "Na wewe ulivyomsifu! Tangu jana nyumba nzima ni yule mwanamume, yule mwanamume."

Hooyo hakucheka. Alinitazama. "Uliona aibu kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Nimelibeba swali hilo siku mbili na jibu ninalo, ila si zuri. Ilikuwa kwa ajili yangu. Yeye alishaamua kusema. Ni mimi niliyeogopa maneno yale yatoke kwenye mdomo wangu.

"Vaa viatu," alisema Hooyo.

Tulikwenda watatu. Chumbani kwa Mwendwa, Hooyo aliomba mlango ufungwe na pawe na mwanamke mwingine, akaja Sista Agnes, muuguzi wa thieta. Kisha Hooyo akaweka sheria. Nikisema, unasema. Nikinyamaza, unanyamaza. Akaanza upya, sentensi moja moja, akinitazama mdomo kila nilipoufungua, kama mtu anayehakikisha maziwa yote yamemiminwa na hakuna yaliyobaki kwenye kibuyu.

Tulifika kwenye lile neno. Amefunuliwa. Nililisema. Nilisema na kicheko cha wale wanaume, na shuka aliyoshindwa kuivuta. Dari haikuanguka.

Mwendwa aliweka kalamu chini. "Mwambie naamini. Na mwambie samahani, ingawa sikuwa mimi."

Nikafasiri. Hooyo akakunja uso. "Amesema hivyo kweli, au wewe umeongeza? Mwambie arudie."

Akarudia, polepole. Hooyo alilisikia "samahani" kwa masikio yake mwenyewe. Hilo analijua. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, na mabega yake yakashuka.

Halafu wakapanga. Mwendwa alisema ataanza juu kidogo kuliko kilo zake zinavyosema, na atakaa kichwani pake muda wote akiangalia presha na pampu. Alisema kinachomfanya mtu ashindwe kutikisika ni dawa nyingine kabisa, ya kulegeza misuli. Kabla ya kumdunga hiyo, atafunga mkanda wa presha kwenye mkono mmoja na kuubana, ili ile dawa ya misuli isifike huko. Mwili wote utalala. Mkono huo utabaki macho.

"Hauwezi kukaa umebanwa muda mrefu," alisema. "Kama dakika ishirini hivi. Lakini hizo za mwanzo ndizo ninazoziogopa. Baada ya hapo dawa ya misuli itakuwa imeisha nguvu na sitaiongeza. Akisikia chochote, mwili wenyewe utaniambia."

"Na ule mkono?" aliuliza Hooyo.

"Huo ni wako. Tutakuuliza. Ukisikia, bana."

Hapo kukawa na tatizo dogo, na kila mmoja chumbani alilijua isipokuwa Mwendwa. Nani ataushika mkono huo? Hooyo aliurudisha chini ya mtandio wake. Sista Agnes ndiye aliyesema haraka, "Nitaushika mimi. Wewe daktari uliza tu, mkono niachie."

Na watauliza kwa lugha gani? Hooyo akiwa chini ya dawa hataanza kutafuta Kiswahili. Kwa hiyo niliwafundisha. *Haddaad i maqlayso, gacanta tuuji.* Ukinisikia, bana mkono. Sista Agnes aliishika haraka. Mwendwa aliihangaikia kama mtoto wa chekechea.

"Anaongea kama mtu aliye na chai ya moto mdomoni," alisema Hooyo.

Nilisita kidogo. Kisha nikafasiri, neno kwa neno. Mwendwa akasema mama amesema kweli, akajaribu tena. Sista Agnes akaiandika kwenye kipande cha plasta ili waibandike juu ya pampu.

Tulipokuwa tunatoka, Eeddo Khadija aligeuka mlangoni, akamwambia kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mfasiri: "Daktari. Bole bole. Lakini ya kutosha."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jana Hooyo alilazwa. Aliambiwa asile kitu mpaka upasuaji, akasema hiyo ndiyo sehemu rahisi, kufunga ameanza utotoni. Aliyeshindwa kula ni mimi.

Leo asubuhi walimchukua. Sitaandika mengi kuhusu kungoja. Eeddo alikuwa na tasbihi yake, na mimi nilisoma tangazo la kunawa mikono lililobandikwa ukutani mpaka nikalijua kwa moyo. Aabbo alipiga simu, ikakatika, akapiga tena. Nilichokiogopa kilikuwa wazi kabisa. Sikuogopa kifo kwanza, Mungu anisamehe. Niliogopa ule mkono ubane na hakuna atakayeelewa. Niliogopa aamke na kovu la pili na habari ya pili, na safari hii mtu ambaye hakumsikia awe mimi.

Sista Agnes ndiye aliyetoka kwanza, bado na kofia ya thieta. Alinyoosha kiganja mbele ya uso wangu.

"Tumemuuliza mara tatu," alisema. "Mimi mara mbili, daktari mara moja. Mkono ulikuwa umelala, mlaini kama wa mtoto. Kisha tumemaliza, tumefunga, daktari amezima pampu. Nikamuuliza mara ya nne." Akanionyesha alama nyekundu chini ya pete yake. "Angalia alivyonibana. Mama yako ana nguvu!"

Nililia. Eeddo alimbusu Sista Agnes kwenye paji la uso, kofia ikadondoka.

Tuliporuhusiwa kumwona, macho yake yalikuwa wazi na alikuwa anatafuta kitambaa chake cha kichwa. Kando yake kulikuwa na mzee mmoja aliyetoka thieta kabla yake, na yeye alikuwa bado yuko mbali kabisa usingizini. Nilimtazama Mwendwa, nikamwonyesha wote wawili kwa macho, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Usimfanye mzee yule kuwa ushahidi," alisema. "Ana umri mara mbili ya mama yako, na upasuaji wake ni mwingine." Lakini alikuwa anatabasamu.

Hooyo aliniita kwa kidole. Nikainama. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, walisema itarudi. Alisema alipoingizwa dawa alikuwa anasoma Fatiha, na usingizi ukamchukua katikati. Alipofumbua macho aliendelea na aya iliyofuata.

"Na katikati?" nikauliza.

"Katikati hakuna kitu," alisema. Kisha akarudia, kama mtu anayeonja. "Hakuna kitu."

Mchana daktari wa upasuaji alipopita, alikuja na mfanyakazi wa hospitali anayejua Kisomali vizuri, mtu mzima, mwenye beji. Hooyo alimtikisia kidole, hapana. Akaninyooshea mimi.

Sijui nilifasiri nini hasa. Najua nilifasiri chote.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilimuuliza Mwendwa inachukua miaka mingapi kusomea kazi yake. Hakucheka wala hakunipa moyo wa bure. Aliuliza alama zangu za Kemia. Nikamwambia. Akasema, "Anza na hizo." Basi likizo ikiisha nitaanza na hizo.

Ilikuwa nifunge hapa, lakini muuguzi wa zamu amekuja kuniazima. Kitanda cha tatu kuna bibi aliyeletwa kutoka Eldas, na mwanawe ametoka kwenda kuswali. Nimekwenda. Bibi alisema, nikasema, kipande kwa kipande. Alipofika kwenye mambo ya haja ndogo alishusha sauti na kunitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Nikayasema. Muuguzi akayaandika kama anavyoandika mengine yote.

Kabla hajafunga faili nimemuuliza bibi kama kuna neno nimeliacha. Amefikiri, akatazama mlango, akasema lipo, alikuwa anangoja mtu amuulize.

Nimemwomba muuguzi asifunge kalamu.